Chura Aliyelia Kiangazi

Chumba cha Watafiti, ghorofa ya pili,
Idara ya Tabianchi.
Jumapili, kiangazi kikielekea mwisho.

Mpendwa Mama Mdogo,

Kabla hata sijakuamkia, kuna sauti moja nataka uisikie. Chukua kitana, pitisha ukucha wa kidole gumba kwenye meno yake polepole, sita kidogo, kisha rudia. Umeisikia? Basi hivyo ndivyo alivyolia chura mmoja, alasiri, katikati ya kiangazi, peke yake, mahali ambapo kwa hesabu zetu zote hakutakiwa kuwapo chura anayelia. Tangu siku hiyo sauti ile imekaa nami. Hata nikichana nywele asubuhi naisikia.

Haya, shikamoo. Najua ungekuwa hapa ungeniambia, "Salamu kwanza, mwanangu, vyura baadaye." Tuanze upya. Hujambo huko uliko? Mgongo unaokusumbua kwa kuinua wagonjwa unaendeleaje? Na baridi? Kwenye picha uliyotutumia umevaa koti juu ya koti na bado umejikunyata. Baba aliitazama akasema, "Huyu ni shemeji yangu au ni gunia la pamba?" Mama akamnyang'anya, akaificha kwenye droo ya cherehani, na sasa anayetaka kuiona sharti aombe.

Sisi ni wazima. Goti la Baba linamuuma akiambiwa apande ngazi kubadilisha taa, ila mpira ukianza kwenye televisheni ya jirani linapona. Mama macho yamepungua nguvu kidogo, siku hizi ananiita nimtungie uzi kwenye sindano, lakini hataki kusikia habari ya miwani. Anasema miwani itamzeesha. Nimemwambia nitakushtakia wewe, na sasa nimeshakushtakia.

Katika barua yako uliuliza mambo mawili: mahafali yangu ni lini hasa ili uombe likizo, na kwa nini nimekuwa kimya hivi. Jibu la yote mawili ni moja, nalo lilianza na huyo chura. Kwa hiyo univumilie, itabidi nikueleze kazi yangu, maana nadhani katika ukoo mzima hakuna anayeijua zaidi ya jina. Juzi juzi mama mmoja wa jirani aliniletea mtoto mwenye mafua. Nikamwambia mimi si daktari wa hivyo, nasomea udaktari wa tabianchi, mambo ya hali ya hewa. Akanitazama kwa huruma akasema, "Sasa mafua si ndiyo hayo hayo ya hali ya hewa?" Nilimchemshia mtoto maji ya tangawizi.

Nyuma ya chuo, ukipita nyumba ya pampu ya zamani, kuna kinamasi. Si kikubwa, ni matete na maji ya kahawia. Kwenye miti inayokizunguka tumefunga vinasa sauti, visanduku vidogo unavyoweza kudhani ni viota vya ndege. Vilikuwapo kabla mimi sijaanza shahada ya kwanza. Vinasikiliza kila siku, na kompyuta ya idara inasikiliza kile vilichokinasa, halafu inajaza jedwali: leo vyura wamelia, leo hawakulia, wamelia kwa wingi huu. Vyura wetu huanza kulia mvua za msimu zinapoanza, kwa sababu hapo ndipo wanapotaga. Swali langu la miaka yote hii lilikuwa rahisi kulisema: joto likizidi kupanda, msimu wa vyura unasogea?

Na jibu langu lilikuwa rahisi pia. Hausogei. Mvua zinayumba, joto linapanda, lakini vyura wanaanza palepale walipozoea kuanza. Nikaandika kwenye tasnifu kwamba wamestahimili. Kila mtu alifurahi. Wewe unajua habari njema zilivyo adimu katika fani yetu. Kwenye makongamano tunakaa kama watu wa matanga. Profesa wangu alifurahi kuliko wote. Idara ya maji nayo ilifurahi, kwa sababu wana mpango wa kuvuta maji ya kinamasi wakati wa kiangazi, nao walikuwa wanangoja tasnifu yangu iwathibitishie kwamba kiangazi pale hapazaliwi kitu, kwa hiyo hakuna cha kuua.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniwasha. Vyura walikuwa wanaanza kulia kwa wakati wao, sawa, ila kila mwaka kwaya inapungua waimbaji. Nilimwuliza Profesa, akasema vinasa sauti vinazeeka, masikio yao hayashiki kama zamani. Tukabadilisha vichache. Kwaya ikaendelea kupungua. Nikaandika sentensi moja kuhusu jambo hilo, chini kabisa ya ukurasa, nikaendelea na mengine.

Ndipo ikaja ile alasiri. Nilikwenda kubadilisha betri. Siku iliyotangulia ilikuwa imenyesha mvua ya kupotea njia, ya nusu saa hivi, ile ya kuloanisha nguo zilizoanikwa na kuondoka. Siku hizi tunazipata kila kiangazi. Nimesimama, tope limenishika kiatu, nikasikia kitana. Nikageuka. Alikuwa juu ya tete, hazidi pingili ya kidole, koo limemvimba kama puto, analia kwa bidii zote na hakuna anayemjibu. Mama Mdogo, nilicheka kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu. Nilimwambia, "Wewe, umekosea mwezi!"

Nikarudi ofisini, nikaitia kompyuta sauti za siku hiyo. Jedwali likajaza: hakuna chura. Nikadhani kinasa sauti kimekufa. Nikafungua sauti yenyewe nisikilize. Kitana kile. Kinasita, kinarudia. Halafu kicheko changu, halafu mimi namwambia amekosea mwezi. Vyote vimo. Na kompyuta imekaa mbele yangu inaniambia hapakuwa na kitu.

Mwenzangu wa meza ya pili anachunguza vumbi linaloletwa na upepo, kwa hiyo tunamwita Bi Vumbi. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Chujio limemla."

Hapa nikueleze chujio, maana ndilo lenye kesi. Mwanzoni kabisa, vinasa sauti vilipokuwa vibovu, pale kwenye nyumba ya pampu palikuwa na lango la chuma lenye bawaba zenye kutu. Upepo ukilisukuma lilikuwa linalia kama chura. Kompyuta ikawa inajaza vyura hadi siku za ukame mkali, watu wakatucheka. Profesa akatunga kanuni: sauti yoyote ya chura inayosikika nje ya msimu ihesabiwe kuwa kosa, iondolewe kwenye jedwali. Ilikuwa kanuni ya busara wakati ule. Ilifanya kazi vizuri hata ikasahaulika. Sisi tuliokuja baadaye tuliikuta kama tulivyoyakuta madirisha. Tukiwafundisha wanafunzi wapya tunawaambia, pitisha kwenye chujio kwanza, kama unavyomwambia mtu anawe mikono kabla ya kula.

Umeshaona tulichokifanya? Nimetumia miaka yangu yote kuuliza kama vyura wamehama msimu, kwa kutumia jedwali ambalo lilikuwa linamtupa kila chura aliyehama msimu. Hata wangehama wote, jedwali langu lingesema hawajabanduka. Nilikaa kwenye kiti nikawa natazama ukuta. Bi Vumbi aliniletea maji, akasubiri ninywe, akasema, "Sasa usilie, maana chujio litakufuta na wewe."

Bahati ni kwamba kilichotupwa ni namba za kwenye jedwali tu. Sauti zenyewe zipo. Nikaanza kusikiliza viangazi, kimoja baada ya kingine, kwa masikio yangu. Vya zamani vina lango, nalo kweli linalia kama chura, Profesa hakuwa anaota. Kisha lango linanyamaza, kwa sababu liling'olewa likauzwa chuma chakavu. Panakuwa kimya. Halafu anaingia chura mmoja baada ya mvua ya kupotea njia. Kiangazi kinachofuata wawili watatu. Hivi vya karibuni, Mama Mdogo, ni kwaya. Ile kwaya niliyoambiwa imepungua kwa sababu vinasa sauti vimezeeka, nimeikuta. Imehamia kiangazi.

Nikarudi kinamasini kutafuta yule wangu. Pale alipokuwa analia palikuwa na kidimbwi. Nikakuta pamekauka, na chini, kwenye tope lililopasuka, viluwiluwi vimeganda vyeusi kama majani ya chai yaliyokaukia kwenye kikombe. Joto na mvua ya mara moja viliwadanganya wazazi kwamba msimu umefika. Wakataga, maji yakaondoka. Msimu wenyewe ukija, wa kulia wanakuwa wachache. Vile vidimbwi vinavyobaki na maji hadi mwisho, ambavyo pengine vinaokoa baadhi yao, ndivyo hivyo hivyo idara ya maji inataka kuvivuta maji.

Nilimpelekea Profesa. Nilijua hawezi kupenda, lakini sikumficha siku hata moja. Unakumbuka nilivyokwandikia mwaka ule wa kwanza kwamba kuna mzee hapa anatufokea kama watoto wake halafu anatununulia maandazi? Ndiye huyo. Anastaafu mwaka huu. Nikaweka kompyuta mezani kwake, nikampigia sauti ya chura. Alifumba macho.

"Lango la pampu hilo," akasema.

"Lango liliuzwa, Profesa. Siku hizi pale pana kamba tu."

Akaniambia nirudie. Nikarudia, na safari hii sikukata mwisho, kikasikika kicheko changu na yale maneno ya kukosea mwezi. Nilidhani atacheka. Alibaki anatazama viganja vyake. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, mtu ambaye sauti yake huwa tunaisikia kutoka korido ya chini, "Kanuni hiyo niliiandika mimi."

Nikasema najua.

"Na wewe tasnifu imeshapitishwa. Jina lako liko kwenye orodha ya mahafali."

Nikasema hilo nalijua pia.

Hakunitisha, Mama Mdogo, wala hakuniomba nifiche. Ningeona rahisi kama angeniomba nifiche. Alinishauri kama mzazi. Chukua shahada yako kwanza, ndivyo alivyosema, chukua na nafasi ya uhadhiri inayokungoja, halafu ukiwa umekaa vizuri uandike makala ya kurekebisha. Kila mtu hufanya hivyo. Ukisimama sasa utarudi nyuma mwaka mzima au zaidi, mimi sitakuwapo wa kukusimamia, na nafasi ile atapewa mwingine. Akaongeza, "Si ulisema mama yako mdogo anakuja kutoka mbali?"

Sijui alijuaje kwamba hapo ndipo panaponiuma. Miaka yote uliyokaa huko hujawahi kupata likizo ya kuja kwa sherehe. Arusi ya kaka yangu uliitazama kwenye simu, ikakatika kabla bibi arusi hajaingia. Safari hii ulisema utakuja hata kama utalazimika kubadilishana zamu na hospitali nzima.

Nilitoka ofisini kwake nikazunguka na ushauri ule kichwani. Sitakudanganya kwamba niliukataa papo hapo. Nilijaribu kuuvaa. Nilijiona jukwaani, nikakuona wewe umesimama kwenye kiti unapiga vigelegele, maana najua utasimama kwenye kiti. Halafu kila nikifika mahali pa kupeana mkono na mkuu wa chuo nasikia kitana. Nikajiuliza, huyo atakayeandika makala ya kurekebisha baadaye, akiwa amekaa vizuri, ni nani? Ni mimi huyu huyu, ila nikiwa na kiti cha kupoteza. Kama naogopa sasa ambapo sina kitu, nikipata ndiyo nitakuwa shujaa?

Na idara ya maji haitangoja makala yangu. Wao wakipata tasnifu wanasimika mashine za kuvuta maji kiangazi kijacho.

Bi Vumbi alinipima kwa njia yake. Akaniuliza, "Hivi unajua vyura hawatakuja kukushukuru?" Nikamwambia najua. "Na hawana kura kwenye bodi ya chuo." Najua. "Na huyo aliyeandika kanuni ndiye anayeandika barua yako ya sifa." Nikamwambia, Bi Vumbi, niambie kitu nisichokijua. Akafikiri, kisha akavuta kiti chake karibu akasema, "Hiki hata mimi sikukijua: chujio lenyewe limeandikwa kwa sentensi mbili tu. Nimelitazama leo. Sentensi mbili."

Niliporudi kwa Profesa sikwenda kuomba ushauri. Nilimwambia naiondoa tasnifu kabla haijafungwa, naingiza upya viangazi vyote, na mahali pa kueleza kosa nitaandika kwamba kanuni ilikuwa sahihi kwa wakati wake na kwamba sisi tuliofuata ndio tuliosahau kuiuliza maswali. Ndivyo ninavyoamini, sikusema kumfurahisha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo.

"Sauti za miaka ya kwanza kabisa, kabla ya hizo ulizosikiliza, haziko kwenye kompyuta," akasema. "Ziko stoo, kwenye kanda. Watu walitaka kuzitupa ili wapate pa kuweka viti. Nilikataa. Niliwaambia jedwali likikosea, tutarudi tukasikilize." Akasukuma ufunguo mezani kwa kidole kimoja. "Nenda kasikilize."

Hakunipongeza wala hakutabasamu, na barua ya sifa hatukuitaja. Lakini ufunguo ninao, na wiki nzima nimekuwa stoo nikipangusa na kupanga kanda, nikipiga chafya.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia dada yako. Unamjua. Joho letu hapa chuo kinaazimisha, unalirudisha sherehe ikiisha, na nililopewa lilikuwa refu kama la padri, nakanyaga. Mama alikuwa ameshalipunguza, amelikunja upindo kwa mkono, mishono midogo huioni hata ukiitafuta, na macho yake yale. Alikuwa amelitundika nyuma ya mlango wa chumba chake, akilifunika kwa kanga lisishike vumbi. Wateja wakija kupima nguo anawafungulia mlango kidogo walione.

Nilimweleza yote, toka chura hadi ufunguo. Alisikiliza bila kusimamisha cherehani. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo uliyoandika mwanzo si kweli?" Nikamwambia si kweli, Mama. Sikujua, lakini si kweli. Akaendelea kushona hadi mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. Akainuka, akalitoa joho nyuma ya mlango, akakaa nalo dirishani kwenye mwanga, akaanza kufumua upindo.

Nikamwambia, Mama, acha, nitalirudisha hivyo hivyo. Akasema, "La watu hilo. Lirudi na urefu wake." Baada ya kitambo akaniita nimshikie ncha ya pili. Tukafumua pamoja. Mwishoni alilipiga pasi mara mbili, na aliponikabidhi akanishika mkono akasema, "Mwakani litakuwa refu vile vile. Nitalipunguza tena."

Sasa kuhusu likizo yako. Usiifute. Njoo kwa tarehe zile zile. Sitakuwa na joho, nitakuwa na viatu vya tope, lakini nataka nikupeleke kinamasini. Na Mama amesema hataki kukuona kwenye simu tena. Ukija mbebee miwani, sema ni zawadi ya watu wakubwa wa huko, labda ataikubali.

Nisalimie rafiki yako mnayekaa naye chumba kimoja, mwambie zile soksi zilifika. Baba anakusalimu, anasema ukipanda ndege vua angalau koti moja. Kaka na mkewe wanakusalimu, na mtoto wao sasa anatembea, anaanguka, anajipigia makofi mwenyewe. Bi Vumbi hakujui lakini anakusalimu, anasema amekusikia sana.

Nimebakiza hili la mwisho. Ijumaa asubuhi niliwapelekea idara ya maji barua kwamba sura ya nne ya tasnifu yangu, ile inayosema vyura wamestahimili, isitumike kwa jambo lolote. Wameipokea, wamegonga mhuri, na hawakufurahi. Kutoka pale nikaenda ofisi ya mahafali na joho mkononi. Karani alilikunjua, akalipima kwa macho, akanitazama mimi, akauliza, "Vipi, halikutosha?" Nikamwambia linatosha. Mimi ndiye bado. Akacheka, akadhani natania, halafu alipoona sicheki akachukua kalamu akakata jina langu kwenye orodha. Nilisimama pale nikamwangalia hadi alipomaliza mstari. Kisha nikarudi stoo, nikafungua kanda ya kwanza.

Mungu akulinde wewe na mikono yako inayoinua wagonjwa, akufikishe kwetu salama.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye tangu nikiwa wa kubebwa,

Daktari wa Vyura (bado kidogo)